Diski Kwanza, Monita Baadaye

Ukiwa na studio ndogo ya picha na video za harusi, na umejikusanyia fedha za kununua vifaa, ukifika dukani macho yatakimbilia monita. Imewashwa, ina rangi, inajaza meza. Diski ya kuhifadhia kazi imo ndani ya boksi dogo nyuma ya kaunta na haina cha kumwonyesha mtu. Ushauri wangu ni ugeuze mpangilio huo. Tenga kwanza fedha za diski, zote unazozihitaji, ndipo uulize bei ya monita kwa kiasi kilichobaki. Monita mbaya itakuchelewesha na kukupotosha rangi, lakini ukipata fedha utaibadilisha. Harusi iliyopotea hairudiwi. Bibi harusi hatapakwa hina upya kwa ajili yako, na babu aliyesimama ukumbini kumwombea dua mjukuu wake huenda mwakani asiwepo.

Anza na hesabu, kwa sababu wengi hununua diski kwa kukisia. Chukua harusi ya kawaida ya mjini: mmoja anapiga picha, wawili wanarekodi video kuanzia nyumbani kwa bibi harusi mpaka ukumbini. Kamera ya megapikseli 24 ikipiga picha ghafi, kila picha huchukua takriban MB 25 hadi 30, kwa hiyo picha 2,000 zitakula kama GB 60. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hutumia GB 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa nne kila moja, hiyo ni GB 360. Jumla ni GB 420 kwa harusi moja, na hujahariri hata dakika moja. Diski ya TB 4 itabeba harusi tisa za namna hiyo, basi. Studio inayopata kazi kila Jumamosi itaijaza kwa miezi miwili na siku chache. Ukirekodi HD kwa megabiti 50, gawanya fungu la video kwa mbili. Fungua menyu ya kamera zako, angalia zinarekodi kwa megabiti ngapi, kisha zidisha kwa kazi unazopata kwa mwaka. Na usidhani umeibiwa ukiona diski ya TB 1 inasomeka GB 931 kwenye Windows: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Namba uliyoipata izidishe tena kwa tatu. Kanuni ya tatu, mbili, moja ilienezwa na mpigapicha mwenzetu, Peter Krogh wa Marekani, mwandishi wa kitabu cha utunzaji wa picha za kidijitali kiitwacho The DAM Book: kila kazi iwe na nakala tatu, ziwe kwenye aina mbili za vifaa, na moja ikae mahali pengine kabisa. Kwa studio ya chumba kimoja, nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye SSD unayohariria. Ya pili iko kwenye diski ngumu kubwa hapohapo studio. Ya tatu inalala kwingine: nyumbani kwako, kwa dada yako, au kwa rafiki mwenye ofisi mtaa wa pili ambaye nawe unamtunzia yake. Mwizi akivunja studio usiku atabeba kompyuta pamoja na kila kilichochomekwa kwenye kompyuta. Maji ya mvua yakiingia yataloweka kila kilicho chini ya meza. Nakala mbili ndani ya chumba kimoja zinakukinga na diski kufa tu, na kufa kwa diski ni moja tu kati ya balaa zinazoweza kukupata.

Diski hufa, tena bila kubisha hodi. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za watu, imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake tangu 2013, na kwa miaka ya karibuni kama diski moja au mbili katika kila mia huharibika kila mwaka. Hizo zimo kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na umeme usiotetereka. Yako inabebwa kwenye begi la mgongoni, juu ya bodaboda, kwenye joto la Februari.

Sheria moja nisiyoilegezea ni hii: memori kadi haifutwi mpaka kazi iwe kwenye diski mbili na uwe umefungua mafaili machache kutoka kila diski. Kama kamera yako ina nafasi mbili za kadi, irekodi kote kwa pamoja. Kununua kadi za akiba ili usilazimike kufuta kwa haraka Jumapili asubuhi kabla ya kicheni pati ya mchana ni matumizi mazuri kuliko lenzi mpya.

SSD na diski ngumu ni vifaa viwili vyenye tabia tofauti, na kila kimoja kina kazi yake. SSD haina kinachozunguka ndani, inavumilia kudondoka, na kasi yake inaifanya video ya 4K isikwame unapohariri. Lakini kwa kila TB utalipa mara kadhaa ya bei ya diski ngumu, na haifai kusahauliwa kabatini kwa miaka. Hutunza data kwa chaji ya umeme iliyonaswa kwenye seli zake, na chaji hiyo huvuja taratibu. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya memori na SSD, kinataka SSD ya kawaida, hata ikiwa imeandikwa mpaka kikomo chake, ikae na data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzijoto 30. Joto likizidi, muda unapungua. Chumba kilichofungwa Mombasa au Dar es Salaam kinazidi hapo bila shida. Kwa hiyo SSD iwe ya kazi inayoendelea na ya safarini, na kumbukumbu za miaka zikae kwenye diski ngumu.

Diski ngumu nayo inataka adabu. Ndani yake vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani zinazozunguka, kwa umbali wa nanomita chache tu. Ikidondoka ikiwa imezimwa huenda ikapona, ikidondoka ikiwa inazunguka, usitegemee. Ilaze, usiisimamishe ukingoni mwa meza, na kebo yake isipite mahali watu wanapopita.

Ziko za aina mbili madukani. Zile ndogo za kubebeka, ambazo watu huziita eksteno, hupata umeme kupitia kebo ya USB. Zile kubwa za inchi 3.5 huja na adapta yake ya umeme. Kwa diski inayokaa studio nunua kubwa: kwa kila TB bei yake huwa nafuu zaidi, na nyingi hazichoki haraka zinapopokea mzigo mzito. Eksteno nyingi hutumia mtindo wa kuandika uitwao SMR, ambapo njia za data hulaliana kama makuti kwenye paa, na kubadilisha kuti moja kunalazimu kuinua yaliyolalia juu yake. Ukinakili harusi nzima kwa mkupuo, kasi huanza vizuri kisha huporomoka katikati. Kwa nakala ya tatu, inayoandikwa mara moja na kwenda kulala kwa dada, SMR haina ubaya. Kwa diski inayofanya kazi kila siku, chukua namba kamili ya modeli, itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, na uchague iliyoandikwa CMR, ambayo njia zake hazilaliani.

Kabla hujailaumu diski kwa uvivu, tazama tundu ulilochomeka. USB 2.0 hupitisha takriban MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo TB 1 itachukua karibu saa nane. Diski hiyohiyo kwenye USB 3 ikienda MB 120 kwa sekunde humaliza kwa saa mbili na dakika ishirini hivi. Mara nyingi tundu la USB 3 lina plastiki ya buluu ndani. Na kebo iliyokuja na diski usiibadilishe na ya kuchajia simu.

Sasa jambo linaloniumiza kuliko yote: diski za bandia. Utaziona zimepangwa vizuri, kijumba cha chuma kinachong'aa, maandishi ya TB 8 au TB 16, kwa bei ambayo diski halisi ya TB 1 haiuzwi. Ndani mna kadi ndogo ya memori iliyobandikwa kwa gundi, na kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo. Kompyuta ikiuliza ukubwa, kinajibu TB 16. Unanakili harusi ya kwanza, inafunguka. Unanakili ya pili, majina ya mafaili yanaonekana, hata ukubwa wake unaonekana, lakini kilichoandikwa kimekwenda juu ya kile cha mwanzo au hakikuandikwa popote. Mwenye studio hugundua mteja anaporudi baada ya miezi minane kuomba albamu ya pili kwa ajili ya wazazi.

Dawa yake ipo na ni bure. Kwenye Windows kuna programu iitwayo H2testw, iliyotolewa na jarida la Ujerumani la c't. Kwenye Linux na Mac kuna F3. Programu hizi huijaza diski yote kwa data inayojulikana, kisha huisoma tena yote na kulinganisha. Diski ya bandia haiwezi kujificha hapo. Kwa diski ya TB 4 zoezi linaweza kuchukua saa 18 au zaidi, kuandika na kusoma, kwa hiyo liache lifanye kazi usiku kucha na kutwa ya kesho. Lifanye kabla diski haijapokea hata picha moja, na ndani ya siku ambazo muuzaji amekubali kurudishiwa. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue Nairobi anayeiamini bidhaa yake hatakataa kuandika "siku saba". Anayekataa ameshakujibu. Faida ya pili ya zoezi ni kwamba diski halali lakini mbovu ya kiwandani mara nyingi hujionyesha katika mzigo huo wa kwanza.

Diski ya mtumba, au ile "mpya" isiyo na boksi, ifungue kwa CrystalDiskInfo kabla ya kulipa. Tazama saa ilizowashwa. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 20,000 imeshafanya kazi zaidi ya miaka miwili mchana na usiku, vyovyote muuzaji atakavyosema. Tazama pia mistari ya sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri: ziwe sifuri. Mafundi wajanja wanaweza kuzifuta namba hizo, hivyo namba nzuri haithibitishi uzima, ila namba mbaya inatosha kukuondoa dukani. Binafsi sinunui diski ya mtumba kwa kazi za wateja. Monita ya mtumba nanunua, na sababu nitaieleza.

Umeme. Diski inayoandikwa umeme ukikatika inaweza kuharibu orodha ya mafaili yake yote, hata kama kilichokuwa kikiandikwa ni faili moja. Nunua UPS yenye kirekebisha volti ndani yake. Hata ndogo ya VA 650 itakupa dakika za kutosha kwa kompyuta ya kawaida na monita kumaliza kunakili na kuzima kwa utaratibu. Chomeka humo na adapta ya diski kubwa, kitu ambacho wengi husahau, wakaona kompyuta imebaki hai na diski imezimika. Printa ya leza isiingie kwenye UPS.

Kuna watakaokushauri ununue NAS, kisanduku cha diski mbili au nne kinachounganishwa kwenye mtandao wa studio. Kwa timu ya wahariri watatu ni kifaa kizuri sana. Lakini ikiwa diski zake mbili zinaakisiana, usizihesabu kama nakala mbili. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kote kwa sekunde ileile. Kirusi kikifunga mafaili, kinayafunga kote. Mei 2017, WannaCry ilipozunguka dunia ikifunga mafaili na kudai malipo, hospitali za Uingereza zilisimamisha huduma. Virusi wa aina hiyo hufunga chochote wanachokifikia, na diski iliyochomekwa wanaifikia. Diski yako ya tatu ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha itoke, iende zake.

Je, wingu? Fanya hesabu tena. GB 420 kwa intaneti inayopakia megabiti 10 kwa sekunde ni karibu siku nne bila kupumua. Kwa picha ghafi na video mbichi, wingu bado si la studio ndogo ya kwetu. Kwa kazi iliyokamilika ni jambo lingine: picha 300 za JPEG zilizokwisha kuhaririwa, za MB 8 kila moja, hupanda kwa nusu saa hivi. Pakia hizo, faili la mradi wa kuhariri, na mkataba wa mteja. Ikitokea balaa juu ya balaa, angalau familia itapata picha zake. Lakini wingu lisibaki peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki ikakaa na intaneti ya kusuasua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la kampuni ya OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa na nakala humo tu walizikosa.

Kabla sijaenda kwenye monita, nina neno kuhusu siri. Studio nyingi zinashika picha za shughuli za wanawake pekee, singo na kesha la hina, ambapo watu wamevua hijabu kwa kuwa walihakikishiwa picha hazitatoka. Diski inayolala nje ya studio ifungwe kwa nywila: BitLocker kwa Windows Pro, Disk Utility kwa Mac, au VeraCrypt ya bure kwa yeyote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake. Nywila iandike kwenye karatasi na uitunze mbali na diski. Ukiisahau hakuna fundi atakayekufungulia.

Haya, sasa monita. Kinachoamua zaidi ni paneli, na kwa kazi ya ngozi za watu jibu ni IPS, teknolojia iliyoletwa na Hitachi ya Japani mwaka 1996. Ukiinama kidogo au mteja akisogea kando kutazama, rangi zinabaki zilezile. TN, ya bei ya chini kabisa, hubadilisha rangi za uso wa mtu ukipandisha kidevu tu. VA ina weusi mzito zaidi, uwiano wake wa mwanga na giza hufika 3,000 kwa moja ilhali IPS ya kawaida iko kwenye 1,000, na kwa kutazama sinema usiku ni tamu. Lakini vivuli vya uso hubadilika ukiitazama kwa pembeni, na hapo ndipo kazi yako ilipo. OLED ni nzuri mno na ghali. Menyu za programu ya kuhariri zinazokaa mahali pamoja kutwa nzima zinaweza kuacha kivuli cha kudumu juu yake.

Pili, uliza inaonyesha kiasi gani cha rangi za sRGB, kipimo kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 ambacho mpaka leo ndicho simu, tovuti na maabara nyingi za kuchapa hukitegemea. Unataka asilimia 99 au 100. Maboksi mengine huandika NTSC: asilimia 72 ya NTSC ni takriban sRGB kamili, na asilimia 45 ni skrini isiyoweza kuonyesha wekundu halisi wa kanga. "Rangi milioni 16.7" ziko kwenye karibu kila monita, na "uwiano wa milioni kumi kwa moja" ni namba ya tangazo. Mwendo wa herzi 144 ni wa wacheza gemu, kwako 60 zinatosha. Wala usilipie monita ya rangi pana za wachapaji magazeti wakati kamati ya harusi itazitazama picha hizo WhatsApp.

Ukubwa na idadi ya pikseli viende pamoja. Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inakupa pikseli 92 kwa kila inchi, inasomeka vizuri. Paneli ya inchi 27 yenye pikseli hizohizo inashuka hadi 82, na nywele za bibi harusi zinaanza kuonekana kama zimekatwa kwa mkasi butu. Ukitaka inchi 27, chukua ya 2560 kwa 1440, inayofika 109. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa studio, ikiwa fedha iliyobaki baada ya diski inaruhusu. Isiporuhusu, IPS ya inchi 24 itakufanyia kazi kwa heshima kuliko inchi 27 ya bei sawa. Monita ya 4K inataka kompyuta yenye nguvu zaidi, na kebo yake ni mtego: HDMI 1.4 hubeba 4K kwa herzi 30 tu, kipanya kikawa kinaburuta. Tumia HDMI 2.0 au DisplayPort.

Nenda dukani na flashi yenye picha tano: nyeusi tupu, nyeupe tupu, kijivu tupu, picha inayotoka weusi kwenda weupe taratibu, na picha moja ya harusi uliyoichapa, pamoja na hiyo chapa yenyewe mkononi. Kwanza ingia kwenye menyu ya monita uirudishe mipangilio ya kiwandani na uchague sRGB, maana madukani huwekwa kwenye hali ya kung'aa kupita kiasi. Kwenye nyeusi, angalia pembe kama zinavuja mwanga. Kwenye nyeupe, kama upande mmoja una unjano. Kijivu kitakuonyesha madoa na pikseli zilizokufa. Kampuni nyingi hazibadilishi monita kwa doa moja, kwa hiyo doa ulione kabla ya kulipa. Kwenye ile ya taratibu, mwanga usikatike kwa mistari. Kisha weka picha ya harusi. Nakshi za gauni jeupe zinaonekana, au gauni limekuwa karatasi? Kola ya suti nyeusi inatengana na koti? Ngozi ya shangazi mweusi na ya binti maji ya kunde zote zinafanana na chapa uliyoshika? Hapo umeshajua kuliko boksi linavyojua.

Niliahidi neno kuhusu mtumba. Monita za ofisi zinazoingizwa kutoka Ulaya na Dubai, kama Dell UltraSharp au EIZO, mara nyingi ni IPS nzuri kwa bei ya mpya dhaifu. Tofauti na diski, monita haijabeba kazi ya mteja ndani yake. Ikifa, unanunua nyingine jioni hiyohiyo. Epuka za zamani zinazomulikwa kwa taa za mirija badala ya LED, kwa kuwa taa hizo huzeeka zikageuka njano na hula umeme zaidi. Hakikisha ina HDMI au DisplayPort, na stendi yake haijalegea. Televisheni usiifanye monita ya kuhariri. Nyingi hunoa picha zenyewe na kupunguza taarifa za rangi, na herufi nyekundu ndogo zitakuonyesha kasoro hiyo mara moja.

Ikishafika mezani, ipunguze mwanga. Picha zikirudi kutoka maabara zimeiva sana, zimekuwa nyeusi, mara nyingi kosa ni la monita iliyowashwa kama jua, ukawa unazipunguza picha mwanga bila kujua. Lenga kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba na joto la rangi la kelvini 6500. Kipima rangi, kile kidubwana kinachoning'inizwa mbele ya skrini, kinaweza kununuliwa na studio tatu kwa mchango, kwa maana kila mmoja anakihitaji mara moja kwa mwezi au miwili. Weka monita umbali wa mkono ulionyooka, dirisha likiwa ubavuni, na ukuta wa nyuma yake usiwe wa rangi kali. Studio iliyopakwa pinki itakupotosha kila siku.

Limebaki jambo moja, na ni la diski tena. Mwaka 1998 mtu katika studio ya Pixar alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na walipokwenda kwenye nakala za akiba wakakuta hazifai. Filamu iliokolewa na kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, ofisa aliyekuwa akifanya kazi akiwa na mtoto mchanga. Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta data zake kwa makosa na kukuta njia zake tano za kuweka nakala hazifanyi kazi ilivyotarajiwa. Hao ni watu wenye wahandisi. Kwa hiyo weka siku kwenye kalenda, mathalani Jumatatu ya kwanza ya kila robo mwaka. Chukua diski ya tatu kutoka inakolala, ichomeke kwenye kompyuta tofauti na ile unayohariria, chagua harusi moja ya zamani bila kufuata mpangilio, fungua picha ghafi kumi, na ucheze video kuanzia katikati hadi mwisho. Tazama na CrystalDiskInfo. Andika tarehe hiyo kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya diski, chini ya mwaka ulioinunua. Iliyofikisha miaka mitano hamishia mpya, hata kama inazunguka vizuri. Na kwenye mkataba na mteja taja utamtunzia kazi yake kwa muda gani, mwaka mmoja au miwili, na kwamba muda huo ukiisha anaweza kuleta diski yake achukue kila kitu. Usipouweka muda huo, hesabu yetu ya mwanzo haina mwisho, na utajikuta unauza lenzi ili ununue nafasi ya harusi za mwaka juzi.